Posa ya Fleti ya Ansab

Sidab, Maskati
Jumapili, baada ya Alasiri

Mama'ngu kipenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nnakubusu kichwa na mikono yote miwili, wa kulia kwa heshima na wa kushoto usije ukanuna. Vipi hali yako? Vipi goti, bado linakusumbua ukipanda juu kuanika nguo? Vipi presha? Dawa unakunywa, au unazihesabu tu na kuzirudisha mkobani kama nnavyokujua? Mie huku mzima wa afya, sina homa sina mafua. Mashavu yamenenepa kidogo, na uzuri wangu uko vile vile ulivyouacha, watu wa Maskati wameshauzoea.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Mama, simu yako si simu, ni redio ya mtaa. Tangu sikio la kushoto lizibe unaweka spika, na ukiweka spika Qurayyat nzima inanisikiliza, mke wa nduguyo Khalo Hamood akiwa mbele ya wote. Ile siku nilokwambia nna jipu, kesho yake yeye ndiye aloniletea dawa, na jipu lenyewe lilikuwa pahala ambapo sikutaka alijue. Kwa hivyo nimekaa kitako nikaandika kwa Kiswahili, maana yeye Kiswahili hakijui hata cha kuombea maji, na Khalo mwenyewe anakisema lakini kukisoma anaona tabu. Barua anakuletea Cyprian, yule dereva wa Kitanzania nilokuhadithia, anayepeleka vitu shambani kwa tajiri wake huko kila wiki. Mpe chai na halua. Usimwambie akae sana, maana anapenda kuhadithia kuliko mie.

Na usinicheke kwa mwandiko. Shule niliachana nayo darasa la kumi na moja, ikiwa mie nilishindwa nayo au yenyewe ilishindwa na mie, mpaka leo hatujakubaliana. Soma taratibu, chumbani, mlango umeufunga, na usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya.

Nianze na chumba. Habari ya chumba ninayo, mama, usinifiche. Ghassan mtoto wa Khalo anaoa baada ya Idi, na chumba ulicholala kwao miaka minne, tangu baba afariki, Mungu amrehemu, kinapakwa rangi kwa ajili ya bibi harusi. Wewe unahamishiwa stoo ya jikoni, pamoja na magunia ya mchele na friza la samaki. Nilipokuuliza ukanambia ni chumba kizuri tu, kina baridi. Mama, mie fundi wa baridi, usinifundishe baridi. Ile ni baridi ya friza. Siku ile nilipokata simu nikaapa, na wallahi sikuapa kwa mzaha, kwamba kabla ngoma ya harusi ya Ghassan haijalia utakuwa na mlango wako, una ufunguo wako, na friza lako dogo la kuwekea barafu ya sharbati basi.

Nikaanza kutafuta. Kutafuta si kazi, mama, Maskati imejaa vibao vya fleti za kupangisha kuliko watu. Kazi ni kupewa.

Ofisi ya kwanza nilimkuta kijana wa rika langu, kanzu imepigwa pasi mpaka unaweza kujikatia kidole, mafuta ya udi yananukia mpaka barabarani. Akanisalimia vizuri sana. Akataka barua ya mshahara. Nikamwambia mie sina tajiri, nnajilipa mwenyewe, leseni yangu hii hapa, fundi wa AC, kusafisha, kujaza gesi, kufunga na kufungua. Akasema anafurahi kwa ajili yangu, lakini lazima barua ya mshahara kutoka kwa mwajiri. Basi nikatoka, nikaingia duka la kupiga chapa, nikarudi na barua. Nimeandika hivi: Mimi Aflah, mwenye biashara, nathibitisha kuwa Aflah ni mfanyakazi wangu tangu miaka miwili, ana adabu, hajapata kuchelewa kazini, na simfukuzi hata akiniudhi. Nikagonga na muhuri wangu wa leseni. Yule kijana akaisoma mara mbili. Akauliza meneja ni nani. Nikamwambia mie. Akauliza na mfanyakazi? Nikamwambia mie vile vile, lakini hatusemezani kazini. Hakucheka. Watu wa kanzu za pasi hawacheki, wanaogopa mikunjo.

Ofisi ya pili barua waliikubali, wallahi, ila walitaka cheki kumi na mbili, kila mwezi na yake, zimeandikwa tarehe kabisa mpaka mwaka uishe. Na mie kitabu cha cheki benki walishaninyang'anya. Yule bwana akaliingiza jina langu kwenye kompyuta yake, na palepale uso wake ukageuka kama mtu alofungua kikapu akakuta samaki wa juzi. Akanirudishia kitambulisho changu kwa ncha za vidole. Jina langu benki limeandikwa vibaya, mama, kwa lile deni la gari, na kisa chake wewe umeshasimuliwa. Leo nitakirudia, lakini ngoja, usinikimbize.

Ofisi ya tatu hata sikukaa. Walisema hawapangishi kwa mabachela. Nikawaambia si bachela, nnakuja na mama'ngu. Wakasema basi mama aje na mumewe. Nilitoka kabla sijasema neno ambalo wewe ungenifinya.

Fahd, huyu mwenzangu nnayelala naye chumba kimoja hapa Sidab, akanambia nnajitesa bure. Nduguye ana kampuni, atanitolea barua ya uongo kwamba mie ni mtu wake nnapokea riali mia sita, muhuri juu, kwisha. Nikakataa. Usianze kunipakazia uchamungu, sikukataa kwa ajili hiyo. Nimekataa kwa kiburi. Miaka miwili nnapanda ngazi kwenye jua la Maskati, halafu leo niandikwe mtu mwengine ndiye bosi wangu? Hata kwa uongo hapana.

Sasa sikiliza. Wiki tatu nyuma nikaitwa Ansab kwa bibi mmoja, Bi Balqis, mjane, mtu wa Unguja kama wewe, kazaliwa Vikokotoni, Kiswahili chake kinanyooka kama kamba ya kuanikia. Ana jumba dogo la fleti tatu. Chini anakaa yeye, kati anakaa mwanawe Hatem na watu wake, na juu patupu. AC ya sebuleni ilikuwa inamwagia maji mazulia. Mie niko juu ya ngazi, mkono ndani ya mashine, nikamuuliza fleti ya juu ya nani. Akasema hapangishi kwa vijana, vijana wanapika indomi na kupiga muziki. Nikamwambia nnamtafutia mama'ngu. Hapo akaniuliza wewe mama'ngu ni nani, binti wa nani, Unguja ulikaa mtaa gani, na nani alikusomesha Kurani chuoni. Nikajibu yote. Nikamtolea na barua yangu ya mshahara. Yeye alicheka, mama! Alicheka mpaka mtandio ukaanguka, akaniomba nimwachie nakala awasomee wenziwe. Kisha akanambia makaratasi si kitu kwake, yeye atafanya la watu wote wa zamani, atakwenda kuniulizia.

Hapo ndipo mambo yalipopinda.

Alhamisi hii ilopita palikuwa na khitma Bausher, wanawake wamejaa. Kidawa, yule mpishi wa Tanga, alikuwepo kusaidia kupakua pilau, na yeye ndiye alonihadithia. Bi Balqis akauliza mbele ya wote: mnamjua kijana Aflah, fundi wa AC? Tabia zake vipi? Anaswali? Ana hasira? Mama yake ni watu gani? Na huyu Bi Balqis ana mjukuu, Buthaina, binti wa Hatem, daktari wa meno, hajaolewa. Sasa hebu wewe mwenyewe nambie, bibi mwenye mjukuu wa kuolewa akiulizia kijana namna hiyo kwenye khitma, watu watafahamu nini? Fleti? Nani alishawahi kumuulizia mpangaji sala yake!

Basi wakanichambua kama wali. Mmoja akasema mie nikiitwa saa tatu, saa tatu nimefika, lakini namgombeza mwenye nyumba kwa vumbi lake kuliko mumewe anavyomgombeza. Mwengine akasema mie ghali, na ukinililia bei nnakusaidia kulia lakini sishushi. Mwengine akasema nilimkuta peke yake nyumbani, nikakataa kuingia, nikakaa juani ukutani mpaka mwanawe akarudi kutoka skuli, halafu nikamdai na muda wa juani. Kidawa akasimama na sufuria lake akasema mie ndiye fundi pekee ninayemsalimu mpishi kabla ya mwenye nyumba. Na mmoja, simjui nani na Kidawa hataki kumtaja, akasema huyo hana mshahara, miezi ya baridi hana kazi anashindia chai na mkate, na benki wamemwandika kwa deni la gari. Bibi mmoja mkongwe akamalizia kwamba mke wa kijana huyo atacheka sana na atakula kidogo.

Bi Balqis alishafahamu kuwa wenziwe wamefahamu vyengine. Akawaacha! Amenambia mwenyewe, akiuliza habari ya mpangaji watamjibu "mzuri tu" warudi kwenye pilau, lakini habari ya mchumba watachimba mpaka wamfikie babu.

Kabla Isha khabari ikamfika Hatem kwamba fundi wa AC kapeleka posa kwake. Ijumaa baada ya sala akanipigia, sauti kama ya mtu anayekula pilipili, nije Ansab sasa hivi. Nikaenda, na mfuko wangu wa vifaa, mie nnadhani AC imerudia kumwaga. Nimemkuta kasimama mlangoni, mtu wa serikali, kilemba kimenyooka. Akaniuliza bila kunikaribisha: wewe unamtaka binti yangu? Nikamwambia simtaki. Hapo ndipo alipokasirika kweli. Akataka kujua simtaki kwa nini, ana kasoro gani, binti kasoma miaka saba, wanamtaka watu wa heshima zao, mie nani hata nisimtake! Buthaina mwenyewe akachungulia kutoka kwenye ngazi, akamwambia babake amalize kwanza kunikataa ndipo achukie kwamba amekataliwa, na ahakikishe mtu mmoja amuulize na yeye, maana hajaulizwa na yeyote. Akapanda zake juu.

Na usianze, mama. Nnakuona unavyoanza. Yule daktari wa meno, na meno yangu unayajua.

Nikamwambia Hatem: mie nnachotaka ni fleti ya juu, basi. Alikaa chini kwenye kile kibaraza, akasema alhamdulillah mara tatu, akaomba maji. Alipoyamaliza akarudi kuwa mtu wa serikali. Fleti? Barua ya mshahara iko wapi? Cheki kumi na mbili ziko wapi? Na jambo la benki kalisikia. Bi Balqis akatoka ndani na fimbo yake, akamwambia mwanawe kwamba jana usiku alikuwa anapima kama mtu huyu anafaa kupewa mtoto, sasa anataka kumpima zaidi kwa ajili ya vyumba viwili na jiko? Lakini bibi akanigeukia mie. Akasema yote ya khitma kayapenda, hata mabaya, ila hili la benki hakulipenda, na kabla hajatoa ufunguo anataka alisikie kwa kinywa changu. Lile gari lilikuwa la nani?

Miaka mitatu hakuna mtu aloniuliza hivyo, mama. Wote huuliza nililifanyia nini. Yeye kaniuliza la nani.

Kaa vizuri. Kama umesimama, kaa.

Gari halikuwa langu. Lilikuwa la Khalo. Lile lori la samaki lenye friji, alilokuwa akisema kakodi kwa watu wa Sur, ndilo lenyewe. Baba alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Mie wakati ule niko kampuni, nna mshahara, jina langu safi. Jina la Khalo benki lilikuwa limeshachafuka zamani, hilo nalo hulijui. Akanichukua nje baada ya chakula, akaniwekea mkono begani, akanambia mie ni mwanawe, na mama yangu yuko nyumbani kwake, na mtu hawezi kumkatalia anayemlaza mama yake. Nikatia sahihi mkopo wa lori kwa jina langu. Alilipa miezi minane. Kisha akaacha, lori akaliuza vipande vipande, na benki wakaja kwangu kwa kuwa sahihi ni yangu. Kampuni waliponiona nnaitwa polisi kila mara wakaniambia nikapumzike nyumbani. Unakumbuka nilipokwambia kazi nimeichoka? Sikuichoka.

Na lililo zito kuliko hilo ni usiku ule pale sinia limewekwa, Khalo aliposema mbele ya wote kwamba mtoto wako kakopa benki akafanyia anasa za Maskati. Ukanigeukia, ukaniuliza mwanangu, ni kweli? Nikasema ndiyo. Nilikudanganya, mama. Nimekutazama machoni nikakudanganya. Kisha nikakuona ukiinuka ukambusu Khalo kichwa, ukamwomba radhi kwa ajili yangu, na yeye akapokea. Kapokea! Mkono mmoja kwenye wali.

Ningesema nini? Ningesema kweli, wewe nnakujua, ungebeba nguo zako palepale ukatoka. Ungekwenda wapi? Kwangu, chumba cha watu watatu Sidab? Au ungebaki, na kila tonge lake lingekukwama. Nikaona bora unione mie mpumbavu, ulale usingizi. Upumbavu nnaubeba vizuri, nna mabega.

Nimemhadithia Bi Balqis haya yote nimesimama mlangoni, Hatem anasikia. Nilidhani atanihurumia, na nilishajiweka tayari kumkasirikia kwa huruma yake. Hakunihurumia. Alimtuma Hatem akalete karatasi za mkataba. Kisha akanambia nikuandikie upesi, maana midomo ya khitma yeye kaifungua na kuifunga hawezi, na si haki wewe uyasikie haya kwa watu. Ndiyo sababu ya barua hii. Nilipe nisilipe, wanichukie wasinichukie, ulistahiki uyasikie kwangu.

Mkataba umesainiwa. Hatem alitia sahihi kama mtu anayeng'olewa jino, na binti yake karibu. Jumatatu utapelekwa baladia, ofisi ya manispaa, ukaandikishwe. Cheki bibi hazitaki, anataka kila tarehe mosi nimpelekee kodi mkononi, nikae, ninywe kahawa, nimpe habari za mjini, anasema cheki haijapata kumpa habari yoyote. Akajaribu pia kunambia AC zake nizisafishe bure, kwa kuwa sasa ni watu wa nyumba moja. Nikamwambia kodi yako utaipata kamili na AC zako utanilipa kamili. Hatem alifumba macho. Bibi akasema ndivyo hasa alivyosikia khitmani.

Benki nnawalipa kidogo kidogo, kwa amri ya mahakama, na kiangazi kijacho nitamaliza. Kwa Khalo sitaki hata baisa moja. Sitaki msaada wake, sitaki maelezo yake, na asije akasema alinilea. Joto la Maskati ndilo linanilea, na joto halijapata kunisimanga.

Fleti ni vyumba viwili, jiko lina mlango, dirisha linatazama milima. Ngazi ni nyingi kidogo kwa goti lako, tutapanda tukipumzika. Bi Balqis anakungojea kwa hamu. Yeye sikio bovu ni la kulia, lako ni la kushoto, mkijua kukaa mtapata mtu mmoja mzima.

Ijumaa baada ya sala nitakuja na pikapu ya Fahd. Funga vyako: nguo, msala, sufuria la mama yako, cherahani. Friza waachie. Usigombane na mtu na usimwage chozi mbele ya mke wa Khalo. Ukitaka kumsamehe nduguyo, ni nduguyo, mmenyonya ziwa moja, sikuzuii. Mie bado, na usiniharakishe. Lakini jambo moja nnakuomba, na mie sikuombi mara nyingi: usimwombe radhi tena kwa ajili yangu. Hata akikasirika unapoondoka, usimbusu kichwa. Mwambie umefurahi kukaa kwake, mpe mkono, toka. Na usitokee mlango wa jikoni unaotumia siku zote. Pita ukumbini, fungua mlango mkubwa wa mbele, simama hapo kizingitini na mabegi yako watu wakuone. Gari nitaliegesha mbele yako na nitapiga honi mpaka mtaa utoke.

Nisalimie Ghassan, yeye hana kosa, mwambie namtakia kila la kheri, na AC ya chumba cha bibi harusi wake nitaisafisha, kwa bei yake. Nisalimie wale wadogo wa Khalo, wambie nnawaletea peremende. Jirani yako wa mkono wa kulia, yule mama anayekupa ndimu, mwambie namwombea uzima. Na wewe mwenyewe kunywa dawa, usizihesabu. Mungu akuweke mpaka Ijumaa, na baada ya Ijumaa akuweke Ansab.

Mwanao akupendaye, aliyesema uongo mara mbili na hatarudia,

Aflah
Mpangaji, fleti ya juu